Mpango wa Kesho Usomwe Taratibu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza yenyewe leo, si zile rasharasha za juzi. Tulikuwa tumeanika mashuka ya nyumba ya wageni kwenye kamba zote za uani. Bubu akaangalia juu akasema hilo wingu ni la maonyesho tu, halina maji. Bubu ndiye ninayefua naye. Tunamwita Bubu kwa sababu hanyamazi. Bado anaeleza habari za mawingu yote aliyowahi kuyajua, likafunguka. Tumeanua mbio mbio, mashuka mengine yakaburuza kwenye matope, tukarudia kufua.

Jioni mwenye nyumba ya wageni alikuja. Shangazi akamwambia, "Bado kidogo tu, baba. Kaa hapo kwenye benchi, unapewa sasa hivi."

Sasa hivi ipi? Mashuka yalikuwa yanachuruzika. Yule mzee alikaa mpaka akasinzia. Alipozinduka akaondoka bila kuaga.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nakamua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashati ya karani mmoja yameanza kunuka uvundo. Shangazi kamwambia yatakuwa tayari leo mchana.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeongea. Naandika ili nisije nikadhani niliota.

Kwanza niseme hii dobi ni ya Shangazi, dada yake marehemu baba. Ni banda la bati. Mbele kuna meza ya kupigia pasi, nyuma mabeseni na pipa la maji, juu ya vichwa vyetu kamba za ndani, uani kamba za nje. Nyuma kabisa kuna chumba kimoja tunachowekea magunia ya mkaa. Shangazi anapiga pasi, mimi na Bubu tunafua. Na Shangazi hajui kusema hapana. Mteja akitaka leo, anaambiwa leo. Akitaka sasa hivi, anaambiwa ungekuja hata jana ungepata.

Leo wateja wamemsema mfululizo. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa sare za shule, kamwambia, "Wewe mama unaahidi kama mgombea."

Alipoondoka Shangazi akakaa kwenye kigoda, akanigeukia. "Na wewe, unayekodolea macho kila kitu kama paka wa jikoni. Umeona nini? Tunakosea wapi?"

Nikaangalia chini. Bubu akasema, "Huyo ukimsubiri aseme, nguo zitajikausha zenyewe."

Nikasema, "Tunaanzia kwenye beseni. Tungeanzia kwenye kamba."

"Kivipi?"

Nikamwambia kufua hatushindwi. Tungefua hata nguo za mtaa mzima. Tunachoshindwa ni kukausha. Sisi asubuhi tunaloweka kila kilichokuja, mchana ndo tunatafuta pa kuanika. Ingefaa tuangalie kwanza kamba za ndani zina nafasi kiasi gani, tuloweke za kujaza hizo tu. Zilizobaki, mwenyewe aambiwe ukweli.

Shangazi akainua macho kwenye kamba. Hata Bubu.

"Haya," Shangazi akasema. "Ubao ule hapo nyuma ya mlango, chaki ipo. Andika mpango wa Jumatatu."

Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, ndipo nilipoachia. Lakini unasomeka.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango umeanguka kabla ya chai.

Jumanne, 12 Machi

Umeanguka tena. Bubu kaniita Waziri wa Mipango siku nzima.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejua kwa nini. Nilikuwa naandika kama vile sisi ni mashine. Sikuandika mkaa, na mkaa ukilowa unanung'unika mpaka mtu anakata tamaa. Sikuandika miguu ya Shangazi, inavimba akisimama sana, lazima akae. Sikumwandika Bubu. Bubu akishakunywa chai lazima apige soga, na usipompa nafasi anajichukulia mwenyewe, tena kubwa zaidi.

Kwa hiyo leo niliandika: kuwasha mkaa. Shangazi kupumzika. Bubu, soga.

Bubu kasoma ubao akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa mimi nina kazi rasmi." Akapiga soga lake, akalimaliza, akarudi kwenye beseni mwenyewe bila kuitwa. Na kamba moja ya ndani nikaiacha tupu mpaka adhuhuri kwa ajili ya lile jambo usilolijua. Likaja kweli. Mtoto wa jirani kaanguka na sare yake kwenye mtaro, mama yake analia kuliko mtoto. Tukaifua, tukaianika hapo.

Tumefunga tukiwa tumemaliza kila kilichoandikwa. Sijawahi kuona tangu nifike hapa. Shangazi kasimama mbele ya ubao kama anaangalia picha ya harusi yake.

Jumatano, 20 Machi

Mwenye nyumba ya wageni kaja na mzigo. Shangazi alikuwa katoka, nikabaki mimi na mdomo wangu mzito.

"Lini?" kauliza.

"Kesho kutwa jioni."

"Kesho kutwa? Shangazi yako huniambia leo."

"Leo utakaa kwenye benchi."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Masikio yaliniwaka moto. Akanitazama, akacheka kwa pua, akaacha mzigo.

Ijumaa, 22 Machi

Kaja jioni, kayakuta mashuka yamekunjwa. Karudi kwenye gari akaleta na mapazia.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua haijapumzika tangu juzi. Shangazi kaanzisha jambo jipya. Tukishafunga, ananiambia nimsomee mpango wa kesho kwa sauti. Macho hayamsaidii siku hizi, hilo najua. Lakini hataki nisome tu, anataka na sababu.

"Soma taratibu," anasema. "Kwa nini taulo zinatangulia mashuka?"

Namwambia taulo ni nzito, zinataka kulala karibu na meza ya pasi zipate joto la mkaa unaozimika.

"Na sare kwa nini unasema zipigwe pasi zikiwa na unyevu?"

Namwambia pasi inamalizia kuzikausha, kamba inapata nafasi mapema.

Anaitikia kwa kichwa. Simu yake kailaza kifudifudi mezani, nadhani kwa ajili ya mvuke usiingie kwenye kioo. Mikono kaiweka mapajani, ananisikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Shuleni nikisoma kwa sauti darasa zima lilikuwa linacheka. Hapa hakuna anayecheka. Hata Bubu anakaa.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo Shangazi kasema. Nilikuwa namimina maji kwenye pipa, akaja nyuma yangu.

"Mwanangu, mvua zikiisha, hii dobi uishike wewe. Mimi miguu ndo hiyo unaiona."

Nikaendelea kumimina. Maji yakamwagika, sikuyaona.

"Na kile chumba cha nyuma tutatoa mkaa, tupake chokaa, umlete mama yako. Wifi yangu hawezi kuzeekea kwenye korido ya watu."

Mama anakaa kwa kaka yangu mkubwa. Kaka yuko safarini daima, mwenye nyumba ni shemeji, mke wake. Mama analala kwenye korido, godoro lake linakunjwa alfajiri kabla watoto hawajaamka. Hajawahi kulalamika. Ila nikienda kumwona hunisindikiza mpaka mbali sana, mpaka namwambia basi rudi, na bado hataki kurudi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia mama. Kaniuliza chumba kina dirisha? Nikasema lipo, dogo. Kasema dogo linatosha.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama kaniletea habari mwenyewe mpaka kazini, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani. Kamwambia shemeji.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia, mama, nashukuru kwa korido yako, sasa naenda kwangu kwa mwanangu." Akacheka akaziba mdomo. "Uso wake ungeuona."

Sikufurahi sana na hilo neno korido. Ni neno ambalo mtu akishalisema halirudi. Lakini mama alikuwa anacheka, na mama hacheki ovyo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesoma vizuri. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Jumamosi, 27 Aprili

Jioni mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele hatusikilizani. Nilikuwa nasoma, nimefika kwenye taulo za nyumba ya wageni. Simu ikasema:

"Mama, hapo sijasikia. Mwambie arudie hapo kwenye taulo."

Kwanza nilidhani kuna mtu dirishani. Nikageuka, hakuna. Shangazi kaikamata simu, kabonyeza, kumbe kabonyeza pa kuongeza sauti. "Mama? Upo? Mwambie arudie." Banda zima likajaa ile sauti. Ndipo nikaijua. Ni Binamu, mtoto pekee wa Shangazi, anayefanya kazi mji mwingine.

Shangazi kaizima. Chaki bado ilikuwa mkononi mwangu.

"Ananisikiliza?" nikauliza.

"Nani?"

"Shangazi, usinifiche."

Akavuta pumzi. "Kapoteza kazi huko. Anarudi nyumbani. Hii ni dobi ya mama yake, sasa aende wapi? Na kazi haijui. Nikasema asikie kidogo kidogo, akifika asianze gizani."

"Tangu lini anasikia?"

Akageukia meza ya pasi. Nikamwangalia Bubu. Bubu alikuwa anakamua kitambaa kikavu.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Wewe pia ni mwanangu," akasema. "Kwani kuna aliyekufukuza? Unabaki hapa hapa, kazi yako ile ile, ubao wako ule ule."

"Na chumba?"

"Analeta mashine ya kukaushia. Nimwambie aiweke wapi, kichwani kwangu?"

"Ungeniambia."

Hapo akanitazama usoni. "Ningekuambia, ungesoma vile?"

Nimetembea na hilo neno mvuani mpaka kwenye kile chumba tunacholala watatu. Hapo hakunidanganya. Nisingesoma vile. Nisingesema na sababu. Mimi nilisimama pale kila jioni najiona mtu, kumbe nakamuliwa, tone kwa tone, kwenye beseni la mwingine.

Na mimi ndiye wanayesema naona kila kitu. Simu niliiona, kila siku. Nikaitafutia sababu mwenyewe, eti mvuke.

Halafu nimefikiria ile siku ya pipa, alivyonipa dobi na chumba kwa pumzi moja. Siamini alipanga kunidanganya. Nimeshamsikia akiwaambia watu wengi kwa sauti ile ile: bado kidogo tu, kaa hapo kwenye benchi. Mimi nilikuwa mteja mwingine tu, na nilikaa.

Jumapili, 28 Aprili

Ilikuwa siku ya kwenda kwa mama. Sikwenda. Nililala nikiangalia ukuta.

Jumatatu, 29 Aprili

Shangazi hakuniambia nisome. Nilifua.

Jumanne, 30 Aprili

Nilifua.

Alhamisi, 2 Mei

Binamu kafika, na mashine ndani ya boksi kubwa. Watu wanne waliibeba mpaka chumba cha nyuma. Magunia ya mkaa yamehamia kwenye kibaraza, yamefunikwa turubai.

Nilitaka awe mtu wa majivuno. Ingenisaidia. Lakini kaja moja kwa moja kwenye mabeseni, kanipa mkono wangu ukiwa na sabuni.

"Mdogo wangu, umenifundisha sana. Kila jioni nilikuwa nakaa na kalamu kabisa. Lile jambo la kuanzia kwenye kamba, sikuwahi kufikiria."

Nikarudisha mkono kwenye beseni.

"Mama aliniambia unaona haya kuongea na simu, ndo maana hukuwa unanisalimia. Nikasema sawa, tusimsumbue."

Nikamwangalia kama anatania. Hatanii. Hajui kitu. Shangazi alikuwa kainamia pasi, anapiga shati ambalo lilishanyooka.

Ijumaa, 3 Mei

Leo Binamu kaendesha mpango wangu kuanzia asubuhi mpaka kufunga. Nilikuwa naomba ukwame. Niandike tu ukweli, niliomba. Alimpa Bubu soga lake. Alimkalisha Shangazi. Aliacha kamba tupu mpaka adhuhuri, na mvua ilipokuja alijua cha kuanua kwanza. Tumemaliza kila kitu.

Sikuwa nimejua hilo. Nilidhani mpango unakwenda kwa sababu niko nao. Kumbe ukishaupanga vizuri, unakwenda na yeyote.

Jumamosi, 4 Mei

Bubu kanifuata nikikinga maji.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Kila siku."

"Wewe umeniambia mpaka mkwe wako anavyokoroma. Umeniambia kuhusu mbuzi wa jirani yako wa zamani. Hilo moja ndo lilikukwama?"

"Shangazi aliniambia ni mambo ya familia. Mimi si wa familia." Akanitazama. "Umemwambia mama yako?"

"Hapana."

"Atakuja lini?"

"Jumatatu. Katuma mtu aniambie kashapata mkokoteni."

"Sasa hutamwambia?"

Nikainama. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jioni Binamu akasema niandike mimi mpango wa Jumatatu, yeye bado anajifunza. Nimeandika kama kawaida. Mkaa. Mapazia. Sare. Soga la Bubu. Halafu kati ya kupiga pasi na kupumzika nikaandika: saa nne, Shangazi kumwambia mama yangu kuhusu chumba. Nusu saa.

Nimefunga mlango nikaondoka kabla hawajausoma.

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi Shangazi kamwambia Binamu amsomee. Binamu anasoma haraka, si kama mimi. Akafika pale akapunguza mwendo. Akamaliza, akasimama.

"Mama, kumwambia nini kuhusu chumba?"

"Futa hiyo."

"Lakini ni chumba kipi, hiki cha mashine?"

"Nimesema futa."

Binamu akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akaweka kifutio chini. "Hii ipo kwenye mpango," akasema kwa upole tu, akaenda kuwasha mkaa. Shangazi kaanza kupiga pasi. Kila nikiinua macho namkuta anaangalia mlangoni.

Mama kaja saa nne haijafika. Mkokoteni mbele, yeye nyuma, godoro limefungwa nailoni, na boksi moja, na kile kioo chake kidogo kakishika mkononi mwenyewe kisivunjike. Kavaa kitenge kipya.

"Wifi, nimekuja na mvua," akasema, anacheka.

"Karibu, wifi yangu, karibu. Kaa hapo kwenye benchi kidogo."

"Nikae kwenye benchi na chumba kipo?"

Bubu akaacha kusuuza. Shangazi akanitafuta kwa macho. Mimi nikaangalia ubao, nikaendelea kuangalia hapo. Basi akaiweka pasi chini, akamshika mama mkono, wakasogea pembeni karibu na magunia ya mkaa. Sikusikia kilichosemwa, bati lilikuwa linapiga kelele. Nilimwona mama tu. Alikuwa bado anatabasamu kwa muda, kama mtu aliyesahau kuliondoa tabasamu. Halafu akanigeukia mimi, si yeye.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nije?"

"Nilitaka akwambie mwenyewe."

Akanitazama sana. Nilijiandaa anitukane, angalau. Hakunitukana. Akampa Bubu kioo amshikie, akafunga kitenge vizuri.

"Haya, wifi," akasema. "Vaa viatu."

"Viatu vya nini?"

"Twende kwa mke wa mwanangu. Mimi nilimwambia nakwenda kwangu. Siwezi kurudi pale na mdomo ule ule. Aliyesema kuna chumba ni wewe, utamwambia wewe kwamba hakuna. Mimi nitasimama pembeni."

"Wifi, na hii miguu yangu?"

"Tutakwenda taratibu."

Nilidhani Shangazi atasema bado kidogo, atasema kesho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuahidi kitu. Akavaa viatu. Wametoka chini ya mwavuli mmoja, wanachechemea, kijana wa mkokoteni nyuma yao na lile godoro. Mama hakugeuka kuniangalia. Nilisimama mlangoni mpaka wakakata kona.

Nilirudi kwenye beseni. Baada ya muda Binamu akaja, chaki mkononi, hajui amwangalie nani.

"Mdogo wangu, nusu saa imeshapita," akasema. "Nguo za pasi zinarundikana. Mama nimwandikie mpaka saa ngapi?"

"Andika siku nzima," nikamwambia.

Akaandika.